UZI NA SURA: UHAKIKI WA SANAA YA NYUZI NA HIFADHI YA MALIASILI KATIKA NYANDA ZA NAKURU

1. Utangulizi

Uhakiki wa sanaa katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na kazi za maneno: ushairi, riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Sanaa za mikono zimeachiwa wanaanthropolojia, wafanyabiashara na maofisa wa maendeleo, na kila mmoja wao ana swali lake. Wa kwanza huuliza kitu hiki ni cha kabila gani. Wa pili huuliza kitauzwa kwa bei gani. Wa tatu huuliza kimewanufaisha wanawake wangapi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la mhakiki, yaani: kitu hiki kinasema nini, kinamwambia nani, na je, kinasema kweli?

Makala haya yananuia kuliuliza swali hilo juu ya kazi za nyuzi zinazofanywa na wanawake wa Bonde la Ufa la kati, kuanzia Njoro, chini ya milima ya Mau, hadi Dundori katika ukingo wa mashariki. Nyingi za kazi hizi, hasa zile zinazouzwa mbali, huelezwa kuwa zimetokana na maumbile na kwamba zinasaidia kuyahifadhi. Dai letu ni kwamba katika sanaa ya nyuzi maumbile huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa sura, yaani mnyama au mmea unaoigwa. Mlango wa pili ni wa uzi, yaani mahali uzi wenyewe ulikotoka na namna ulivyopatikana. Mtazamaji huvutwa na mlango wa kwanza. Lakini anayetaka kujua kazi hiyo inahifadhi nini hana budi kupita mlango wa pili.

2. Ushahidi wa lugha

Kabla ya kuziendea kazi zenyewe yafaa tuisikilize lugha. Kiswahili hakina neno moja kwa kazi zote za nyuzi. Kina vitenzi vingi, na kila kimoja kina mpaka wake. Mtu husokota uzi au kamba, husuka mkeka, kikapu au nywele, hufuma kitambaa au sweta, hushona vazi, hutarizi kofia. Zaidi ya hivi kuna kitenzi kutunga, ambacho hutumika kwa ushanga, kwa samaki waliopitishwa kamba, na pia kwa shairi. Mshairi wa Kiswahili ni mtungaji kwa maana ile ile ya mtu apitishaye uzi katika shanga moja baada ya nyingine mpaka kikamilike kitu cha kuvaliwa. Nasi wahakiki, tulipohitaji istilahi ya mpangilio wa matukio katika riwaya, tulikwenda kuiazima kwa wasusi, tukauita msuko. Basi asemaye kwamba kikapu si kitu cha kuhakikiwa amesahau kwamba baadhi ya maneno ya uhakiki wake yalitoka kikapuni.

Neno kiondo nalo lina historia yake. Limeingia Kiswahili cha Kenya kutoka lugha za bara, Kikuyu na Kikamba, na kwa kuwa umbo lake liliafikiana na ngeli ya KI-VI halikupata taabu ya kupokewa: kiondo, viondo. Wakikuyu wenyewe husema kĩondo, na wingi wake ni ciondo. Kitendo cha kukitengeneza wanakiita gũtuma, ambacho ndicho kitenzi chao cha kushona. Sisi husema kusuka kiondo. Tofauti hii si ya bure. Msusi wa pwani huipishanisha miyaa kuwa ukili, kisha ukili hushonwa kuwa mkeka. Msusi wa kiondo huanzia kitakoni, akiongeza nyuzi za kusimama kadiri duara linavyopanuka, na kuzifunga kwa jozi ya nyuzi zinazosokotana huku zikizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mdomoni. Kiondo hakina mshono wala kipande cha kuungwa. Kwa sababu hiyo uzi wake hauwezi kufichwa: ukiwa mbovu mahali pamoja, kiondo kizima hujulikana.

3. Mahali na watu wake

Dundori iko kaskazini-mashariki ya jiji la Nakuru, katika barabara ipandayo kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou. Nakuru yenyewe iko kiasi cha meta 1,850 juu ya usawa wa bahari. Dundori iko juu zaidi, na baridi yake yajulikana. Watu wake hulima viazi, kabichi na mahindi, hukamua ng'ombe na kufuga kondoo. Juu yao kuna msitu wa serikali, ambao sehemu yake ni miti ya asili na sehemu nyingine ni misaipresi na misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Chini yao, bondeni, liko Ziwa Nakuru, lililofanywa hifadhi ya ndege mwaka wa 1961 na hifadhi ya taifa mwaka wa 1968, na ambalo mwaka wa 1990 lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi zenye majimaji.

Ardhi hii haikuwa tupu wala haikugawanywa kwa haki. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika bonde la kati ili kuwapisha walowezi. Walowezi nao walileta wafanyakazi, wengi wao Wakikuyu, na Idara ya Misitu ikawapa wengine ruhusa ya kulima kati ya miche michanga kwa masharti ya kuitunza, utaratibu ulioitwa mfumo wa shamba. Baada ya uhuru wananchi walipata ardhi kwa mipango ya serikali na kwa kampuni za ununuzi wa mashamba. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, zimewapa wakazi wa kandokando nafasi ya kushiriki katika usimamizi kwa njia ya vyama vya jamii vya misitu. Mwezi wa Februari 2018 ukataji wa miti ulisimamishwa katika misitu ya umma, na mwezi wa Julai 2023 rais akatangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo.

Tunayataja haya ili ieleweke kwamba kwa mwanamke wa Dundori neno hifadhi si neno la mabango. Ni suala la kuni alizoruhusiwa kuokota na kuni alizokatazwa. Ni malisho ya kondoo yanayolipiwa ada. Ni tumbili anayeshuka kula mahindi. Ni chemchemi inayopungua maji mwezi wa Februari. Anayafahamu maumbile kama mtu anavyomfahamu jirani ambaye hawezi kumhama. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: ujuzi huu umeingia katika kazi zake za mikono, au umebaki nje?

4. Kiondo cha magome

Kiondo cha zamani kilitokana na magome ya vichaka. Miongoni mwa mimea iliyotumika ni ule ambao Wakikuyu huuita mũgio. Matawi yalikatwa, gome likabanduliwa, likalainishwa, nyuzi zikatolewa na kusokotwa pajani kwa kiganja cha mkono. Rangi zilipatikana katika magome mengine, mizizi na udongo. Kazi ilikuwa ya polepole mno, na mara nyingi ilifanywa njiani na katika mazungumzo, kwani mikono ya msusi ilijua njia yake bila ya kuongozwa na macho.

Mhakiki anayetafuta sura ya maumbile katika kiondo hiki hataipata. Hakina picha ya mti, ndege wala mnyama. Kina mistari tu, inayozunguka. Akisimama hapo atasema kwamba kiondo ni chombo, si usemi. Lakini kwa mlango wa uzi mambo ni mengine kabisa. Ili kupata uzi, msusi alipaswa kujua kichaka kipi kinachipua upya baada ya kukatwa, tawi la umri gani lina gome refu, na ni majira gani gome hubanduka kwa urahisi. Aliyeng'oa kichaka chenye nyuzi njema alikuwa amejinyima kiondo cha mwaka ujao. Ujuzi huu haukuandikwa popote. Uliandikwa katika kiondo chenyewe, na mama alipomfundisha bintiye kusuka alikuwa akimfundisha pia msitu. Kwa istilahi zetu za kawaida tungesema kwamba katika kiondo maudhui hayakuchorwa juu ya fani. Maudhui yalikuwa ndani ya malighafi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa ya katani. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Richard Hindorf, akiuchukua Florida. Miche 62 iliyosalimika karibu na Tanga ndiyo iliyozaa mashamba yote makubwa yaliyofuata, yakiwamo yale ya Solai na Mogotio, kaskazini ya Nakuru. Katani ilimpa msusi uzi mrefu, mweupe na mwingi, lakini ilimwondoa kichakani. Hatua ya pili ilikuwa ya soko la watalii, hasa tangu miaka ya 1970, ambapo kiondo kilipewa mikanda miwili ya ngozi kikatoka mgongoni na kuning'inia begani. Hatua ya tatu ilikuwa ya nyuzi za viwandani, akriliki na nailoni, ambazo hazikatiki wala hazichujuki, na ambazo asili yake ni mafuta ya petroli.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kikapu kikarudi sokoni kwa heshima. Wengi waliisifu siku hiyo kuwa ni ushindi wa kiondo, nasi hatuna sababu ya kuubeza. Lakini hapa ndipo dai letu linapopata uzito. Kiondo kilichosukwa kwa nailoni kina sura ya asili na uzi wa kiwanda. Kwa macho ni ndugu wa kiondo cha mũgio. Kwa mazingira kiko karibu zaidi na ule mfuko uliopigwa marufuku, ila kinadumu zaidi mkononi mwa mwenyewe. Sifa hiyo ya kudumu si ndogo, lakini isichanganywe na sifa nyingine.

5. Kitambaa cha nyumbani

Baina ya kiondo na kazi za siku hizi kuna aina moja ambayo wahakiki huipita bila kuitazama, nayo ni vitambaa vya kufunika viti na meza. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka wa 1952, katika mwaka ule ule uliotangazwa Hali ya Hatari, na chini ya usimamizi wa serikali ya kikoloni vilabu vyake viliwafundisha wanawake kushona, kufuma na kutarizi. Nia ya watawala ilikuwa ya kisiasa, na pengine ya kuwafanya wanawake wa Kiafrika wafanane na mama wa nyumbani wa Kiingereza. Lakini sindano ilipokwisha kushikwa haikumtii aliyeitoa. Katika nyumba za nyanda za juu, Dundori ikiwamo, vitambaa vilijaa kila mahali, na ndani yake maua, majani na ndege.

Maua hayo mara nyingi ni waridi la bustani ya Kiingereza, lililonakiliwa kutoka kielelezo hadi kielelezo. Hapa sura ya maumbile ipo, lakini ni ya maumbile ya watu wengine. Hata hivyo kitambaa kina jambo moja ambalo tutalihitaji huko mbele: kilifumwa kwa ajili ya nyumba ya mwenye kukifuma. Hadhira yake ilikuwa jirani, mkwe na mgeni wa Jumapili, watu ambao waliweza kumwambia mfumaji uso kwa uso kwamba amekosea hesabu ya matundu.

6. Wanyama wa sufu wa Njoro

Kazi ya kikundi inayojulikana zaidi katika eneo hili ni ile ya Kenana Knitters, iliyoanzishwa Njoro mwaka wa 1998. Wanawake wa vijijini husokota sufu kwa mikono, huitia rangi zitokanazo na mimea, na kufuma wanyama wa kuchezea: tembo, twiga, kiboko na wengineo. Kazi hizi huuzwa nchi za nje, na kila mnyama huwa na kibandiko chenye jina la mwanamke aliyemfuma.

Tuanze na ubora wake, kwani ni wa kweli. Wanyama hawa hawakuigwa kwa usahihi wa vitabu vya elimu ya viumbe; shingo ya twiga huelemea upande, na kiboko hupewa uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Mkono wa mfumaji unaonekana, na hakuna wawili wanaolingana. Pili, sufu iliyosokotwa kwa mkono haina unene mmoja. Mahali pengine huvimba na pengine huwa nyembamba, na kutolingana huko huipa ngozi ya mnyama uhai ambao uzi wa kiwanda haungeweza kuupa. Tatu, na hili ni kubwa, jina lipo. Kiondo cha kale, pamoja na fahari yake yote, kilipofika sokoni kilikuwa kazi ya Wakikuyu au ya Wakamba. Mwanamke aliyekisuka alimezwa na kabila lake. Kibandiko chenye jina kinasema kwamba sanaa hii ina mtunzi. Mhakiki wa fasihi, ambaye haanzi kazi yake kabla ya kusoma jina la mwandishi, hawezi kulidharau jambo hili.

Sufu yenyewe ina habari ndefu. Lord Delamere, aliyepewa eneo kubwa la ardhi Njoro mwaka wa 1903, alileta kondoo wa Merino, na wengi wakafa. Baadaye iligunduliwa kwamba malisho ya sehemu za Nakuru yalipungukiwa na madini ya kobalti, na maradhi ya mifugo yatokanayo na upungufu huo yakapewa jina kutokana na mji huo. Kondoo wa sufu walifaulu hatimaye, na Nakuru ikapata hata kiwanda cha mablanketi. Baadaye bei ya sufu ilipoanguka wafugaji wengi waligeukia kondoo wa nyama. Mwanamke anayesokota sufu leo anafanya kazi juu ya mabaki ya uchumi ulioanzishwa kwa kunyang'anya ardhi, na ameyageuza mabaki hayo kuwa riziki yake. Hiyo ni maana ambayo mnyama wa sufu anaibeba tumboni bila ya kuionyesha usoni.

7. Gharama ya rangi

Rangi ya mmea husifiwa kwa sababu haina kemikali za kiwandani, na kwa Njoro sifa hii ina msingi: Mto Njoro unatoka Mau na kuingia Ziwa Nakuru, kwa hiyo kila kinachomwagwa huko juu kina uwezekano wa kuwafikia heroe huko chini. Lakini mhakiki asiridhike na neno asilia kabla ya kuutazama utendaji wake.

Sufu huoshwa kwanza kwa maji ya moto ili kuondoa mafuta. Kisha huchemshwa pamoja na dawa ya kushikisha rangi, ambayo kwa kawaida ni shabu au chumvi nyingine ya madini, kwani rangi nyingi za mimea haziwezi kushika bila ya msaada. Mmea nao huchemshwa kwa muda mrefu mpaka utoe rangi, na sufu ikachemshwa tena ndani yake. Yote haya yanahitaji moto. Chungu kimoja cha rangi chaweza kula kuni nyingi kuliko chungu cha chakula cha siku nzima. Tena si kila mmea ni sawa: majani yakichumwa kwa kiasi mti huendelea kuishi, gome likizungushwa lote mti hukauka, mzizi ukichimbwa mmea umekwisha. Sufu mbili zaweza kuwa na rangi moja ya kahawia, moja ikiwa imetokana na majani yaliyopunguzwa na nyingine na mti uliouawa. Jicho haliwezi kuzitofautisha.

Kondoo nao si kiumbe kisicho na hatia. Katika ukingo wa msitu, mahali kama Dundori, kondoo aliyeachwa aingie katika miche michanga hula mwaka mzima wa kazi ya mpandaji kwa asubuhi moja. Hatusemi haya ili kuwalaumu wafumaji, ambao bila shaka wanayajua kuliko sisi. Tunayasema kwa sababu maelezo yanayoandamana na kazi za namna hii, popote zinapouzwa, huwa na desturi ya kuyaacha, na kumwacha mnunuzi aamini kwamba maumbile hayagharimu kitu.

8. Mbona tembo, mbona si mbega?

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru haina tembo. Twiga wake hawakuwapo zamani. Waliletwa mwaka wa 1977 kutoka upande wa Eldoret, ambako mashamba yalikuwa yamewabana. Katika misitu ya nyanda za juu, kwa upande mwingine, wamo mbega, pongo na nungunungu, na juu ya matawi ya mierezi wamo ndege ambao mwanamke wa Dundori anaweza kutambua sauti zao gizani. Viumbe hawa ni nadra kuwa vielelezo vya kazi za sufu zinazouzwa nje.

Sababu yake haihitaji kutafutwa sana. Hadhira ya mnyama wa sufu ni mtoto wa ng'ambo na mzazi wake, na hadhira hiyo inaijua Afrika kwa wanyama wanne au watano. Mfumaji analazimika kusema sentensi ambayo msikilizaji alikwisha kuijua. Hapa ndipo udhaifu wa kazi hizi kama usemi juu ya hifadhi unapoonekana. Zinahifadhi sura za wanyama ambao tayari wana walinzi, ua la umeme na wafadhili. Zinanyamaza juu ya viumbe ambao uhai wao unategemea uamuzi wa wanawake wenyewe, wa kukata au kutokata, wa kuchunga au kutochunga. Msitu unaomhusu mfumaji haumo katika ufumaji wake.

Itasemwa kwamba mwanamke mwenye karo ya kulipa hana nafasi ya kuchagua, na kwamba mhakiki anayemtaka afume mbega amlipe yeye. Hoja hii ni nzito na hatuikwepi. Lakini inathibitisha dai letu badala ya kulivunja. Kama sura huamuliwa na soko, basi uhuru wa msanii uko katika uzi: uchaguzi wa sufu, wa mmea wa rangi, wa moto na wa maji. Huko mnunuzi haoni, na kwa hiyo huko msanii anatawala. Uhakiki unaosifu sura peke yake unasifu sehemu ile ya kazi ambayo si ya mfumaji.

9. Mifano ya kulinganisha

Jambo hili si la Nakuru pekee. Mwaka wa 2005, huko Los Angeles, Margaret na Christine Wertheim, ndugu wawili waliozaliwa Australia, walianza kufuma kwa kroshia matumbawe ya baharini, wakitumia njia iliyobuniwa mwaka wa 1997 na mwanahisabati Daina Taimina. Nia yao ilikuwa kuomboleza miamba ya matumbawe inayokufa kwa joto la bahari. Wanawake wengi wa nchi mbalimbali walijiunga nao, na mwaka wa 2019 kazi hiyo ilionyeshwa Venice. Sehemu kubwa ya matumbawe hayo ni ya sufu na pamba, na uzuri wake ni wa sura. Lakini pia walifuma mwamba mwingine kwa plastiki iliyotupwa. Kwa maoni yetu huo ndio wenye nguvu zaidi, kwa sababu uzi wake ndio taka zile zile zinazoichafua bahari. Hapo uzi umekuwa hoja.

Karibu nasi zaidi kuna lubugo la Buganda, nguo ya gome la mti uitwao mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka wa 2005. Gome hubanduliwa wakati wa mvua bila kuukata mti. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Lubugo halina picha ya mti. Ni mti uliokubali kutoa nguo na kuendelea kuishi. Kikiwekwa kando ya kiondo cha mũgio, msomaji ataona kwamba kanuni ni moja.

Mfano wa tatu unaigusa Nakuru yenyewe. Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, aliishi miaka kadhaa ya utoto wake katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011 alikuwa ameacha wasia kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugu maji. Mwanzi ukikatwa huchipua; mafunjo ni nyasi za majini; gugu maji ni mmea mgeni uliovamia Ziwa Victoria na kuwanyima wavuvi njia, na kila kilo inayosukwa ni kilo iliyopungua ziwani. Jeneza hilo halikuchorwa jani wala ndege. Kwa uteuzi wa nyuzi zake tu lilisema yote aliyoyasema marehemu kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna aliyelitazama ambaye hakuelewa.

10. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya nyuzi haiwi ya kuhifadhi maumbile kwa sababu imeyaiga. Kiondo cha magome hakikuiga kitu, na kilihifadhi kichaka pamoja na elimu ya kichaka. Kiondo cha nailoni kinaiga kiondo, na hakihifadhi ila umbo. Wanyama wa sufu wa Njoro wako kati: uzi wao una ukweli mwingi kuliko sura zao, na jina lililo katika kibandiko ni hatua ambayo sanaa yetu ya mikono ilichelewa kuipiga.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili. La kwanza lawahusu wanaoandika vibandiko. Pamoja na jina la mfumaji, kibandiko kitaje kondoo wa wapi, mmea gani, na sehemu gani ya mmea huo. Maneno kumi yatatosha, na yataandikwa katika lugha ambayo mfumaji mwenyewe anaweza kuyasoma na kuyasahihisha.

La pili latuhusu sisi wa idara za lugha. Kila malighafi inapoachwa, huondoka na msamiati wake: majina ya vichaka, ya hatua za kubandua na kulainisha, ya aina za msokoto, ya makosa na ya masahihisho. Katika Kiswahili cha masoko ya Nakuru neno uzi limeanza kubeba yote, liwe la sufu, la katani au la nailoni, na neno moja lisilobagua haliwezi kumfundisha mtoto kubagua. Wanawake wanaojua majina hayo ni wazee. Kuyakusanya Dundori, Bahati na Njoro, pamoja na mimea yenyewe mkononi, ni kazi ya wanafunzi wachache kwa likizo chache. Ikifanywa, mfumaji kijana atakayetaka siku moja kufuma msitu wake mwenyewe atakuwa na maneno ya kuanzia. Isipofanywa, tutabaki na vikapu vizuri sana ambavyo hakuna ajuaye vilitokana na nini.